Lenzi ya Babu Yako na Yule Aliyebeba Sinia

Magongo, alasiri

Kadzo mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Frere Town kuwaaga wenzako wa kwaya, na umesema hutarudi kabla ya magharibi. Nimefunga mlango wa studio na kukaa kwenye kiti cha wateja, kile ambacho mimi mwenyewe huwa sikikalii. Kesho asubuhi utapanda treni pale Miritini. Nisipoandika sasa nitabaki nikijidanganya kwamba nitakueleza kwa simu, na kwa simu sitakueleza. Nimeshindwa miaka kumi na mmoja tukiwa nyumba moja.

Habari ya maji, ya dawa za malaria, ya kutotembea na pesa zote mfuko mmoja, baba yako ameshakwambia na atakwambia tena stesheni. Hata ile barabara ya kutoka Kitale kwenda Lodwar, inayonitoa jasho tangu siku ulipopata kazi ya kupiga picha kambini kwa wakimbizi, naiacha. Nataka kukueleza kwa nini nilikufokea juzi.

Ulikuwa unaifunga lenzi ya babu yako kwenye soksi, unaitia katikati ya nguo. Nikakwambia uiache. Ukauliza kwa nini, nikasema vumbi la Turkana litaiharibu. Ukacheka ukasema, "Mama, hii imekaa Changamwe miaka arubaini na vumbi la malori. Itaogopa Turkana?" Hapo nikapandisha sauti. Nilisema unajifanya mjuzi, nilisema maneno mengine ambayo wala sitayaandika. Uliniangalia kama mtu anayemtazama mgonjwa. Jana ulipokwenda sokoni niliitoa ile lenzi sandukuni nikaificha kabatini, chini ya mapazia ya zamani. Leo mchana nimeirudisha. Iko palepale ulipoiweka, ndani ya soksi yake.

Si vumbi ninaloliogopa.

Babu yako unamkumbuka akiwa mzee, macho yamefifia, ameketi kizingitini akiwauliza wapita njia majina yao. Mimi namkumbuka akiwa na nguvu. Alitoka Rabai akiwa kijana, akafungua studio hii hii, na wafanyakazi wa bandarini na wa viwandani walikuja Jumapili na wake zao wakiwa wameoga na kujipaka poda. Kamera yake ilikuwa ya filamu, na lenzi zake zilikuwa za kuzungusha kwa mkono. Hakuna kilichojilenga chenyewe. Alikuwa akiinama nyuma ya kamera, anazungusha ile pete taratibu, huku anamwambia mteja, "Tulia, nakutafuta." Na wateja waliozoea walimjibu, "Nipo, mzee." Mimi nilidhani ni mzaha wake tu.

Alipofariki, wajomba zako walichukua baiskeli na shamba la minazi. Mimi nilipewa boksi la kamera. Kamera yenyewe ilikuwa imekufa, pazia lake la ndani limechanika, na filamu nazo hazipatikani tena hapa. Lakini lenzi tatu zilikuwa nzima. Nilikuwa nimenunua kamera ya dijitali ya mtumba kutoka kwa kijana mmoja wa mjini, na lenzi yake ilikuwa mbovu, gizani haioni kitu. Kijana yuleyule akanitafutia pete ya kuunganishia, kile kipande cha chuma unachokijua, upande mmoja unashika lenzi ya zamani na upande wa pili unashika kamera mpya.

Unajua jinsi inavyokuwa mara ya kwanza. Kamera inakataa. Inasema haina lenzi. Ilibidi niingie ndani ya orodha zake na kuiambia ikubali kupiga picha hata kama haioni lenzi yoyote. Halafu nikafungua mdomo wa lenzi mpaka mwisho, nikazungusha pete, na kwenye kioo nikaona ule mstari mwekundu unaojichora pembeni mwa kitu kilichokaa sawasawa. Nilimlenga baba yako akinywa chai. Mstari ukatembea kutoka kwenye kikombe, ukapanda kidevuni, ukafika kwenye kope. Nikabonyeza. Kadzo, kope za baba yako ungezihesabu, na ukuta nyuma yake ulikuwa umeyeyuka kama siagi. Nililia. Nilimwona baba yangu ameingia ndani ya kamera ambayo hakuwahi kuishika.

Nakuelezea haya ujue kwamba naijua raha hiyo. Hunipiti kwa raha hiyo.

Wakati ule nilikuwa nafanya harusi za Waislamu, upande wa wanawake. Ulikuwa darasa la sita, unakumbuka nilivyokuwa nikirudi na vyakula vimefungwa kwenye karatasi ya fedha. Siku ya kupamba bibi harusi mwanamume haingii, kwa hiyo mpiga picha lazima awe mwanamke, na mimi niliitwa Likoni, Kisauni, Mji wa Kale, kila mahali. Waliniita Mama Picha. Mkristo miye, wa Rabai, lakini wananipokea kama wa nyumbani. Mlangoni simu zote huwekwa kwenye kapu na mama mmoja hulilinda. Mabuibui huvuliwa. Watu wanacheza, wanacheka, nywele nje, dhahabu nje. Kamera moja tu ndiyo inayoingia, na ni yangu. Sikuwahi kuulizwa kiapo. Walinitazama tu machoni wakaniambia karibu.

Harusi ninayotaka kukueleza ilikuwa Kisauni, kwa mama mmoja anayeitwa Bi Zuhura, akimwoza binti yake. Ukumbi ulikuwa uani, wamefunika turubai, taa ni chache. Kwa lenzi nyingine nisingepata kitu. Kwa lenzi ya babu yako nilipata kila kitu. Karibu na mwisho nilimwambia bibi harusi, "Nionyeshe mkono, mwanangu." Ile hina ilikuwa ya ajabu, maua yamepanda mpaka kwenye kiwiko. Nikauliza, "Mkono huu naweza kuwaonyesha wateja wangu? Uso hautoki." Akacheka akasema, "Mkono chukua, Mama Picha, uso niachie mume wangu." Wote wakapiga vigelegele.

Kwa hiyo ruhusa ya mkono nilikuwa nayo.

Nyuma ya mkono alikuwa anapita mwanamke amebeba sinia la udi na mrashi. Sikumtazama. Nilikuwa natazama mstari mwekundu, na mstari ulikuwa kwenye vidole vya bibi harusi. Yule wa nyuma hakuwa na mstari. Alikuwa rangi tu, kijani na dhahabu, kama taa unayoiona kwa jicho lenye machozi. Nikamhesabu hayupo.

Wiki ile kulikuwa na watu mtandaoni, wapiga picha wa hapa na wa nje, wanaoonyeshana picha walizopiga kwa lenzi za zamani. Mmoja alikuwa ameandika kwamba lenzi hizo ni vyuma chakavu, wanaozitumia hawana uwezo wa kununua mpya. Neno hilo lilinichoma. Nikaweka ile picha ya mkono. Chini yake nikaandika kwamba lenzi ni ya marehemu baba yangu, kwamba nimelenga kwa mkono, na kwamba ni harusini Kisauni. Kisauni niliandika kwa kujionyesha tu, wajue sisi tuko pwani ambako hina ni hina. Mpaka jioni picha ilikuwa imesifiwa na watu ambao siwajui hata kwa jina. Nilimpikia baba yako biriani siku ile, kwa furaha. Ulikula sahani mbili.

Baada ya wiki tatu, mchana kama huu, aliingia mwanamume studio. Shati limepigwa pasi. Aliniamkia shikamoo, na mimi simzidi sana kwa umri. Akasema anataka picha za pasipoti. Nikamkalisha hapa nilipokaa sasa. Nikamwambia inua kidevu kidogo, nikampiga. Nilipokuwa nakata picha, akazungumza, bila haraka, sauti ya mtu wa adabu.

"Mama, ile picha ya mkono wenye hina ni yako?"

"Ni yangu. Umeiona?"

"Nimeiona. Mashallah. Yule aliyebeba sinia nyuma ni dada yangu."

Nikacheka. Nikamwambia, "Umemjuaje na wala haonekani?"

"Kwa anavyobeba," akasema. Akainua mkono wa kushoto, akanionyesha, kiwiko juu, kiganja kimefunguka chini ya sinia. "Tangu mdogo hubeba hivi. Tulipoteana baada ya msiba wa mama. Namtafuta karibu mwaka sasa."

Machozi yalinilenga, Kadzo. Nilifikiri lenzi ya baba yangu imewakutanisha ndugu. Sikumuuliza jina la huyo dada. Sikusema ngoja nipige simu kwanza. Nilichukua bahasha ya picha zake nikageuza nyuma, nikamchorea njia ya kwenda kwa Bi Zuhura, nikatia alama kwenye duka la mafundi cherehani ambako wanawake wa harusini waliniambia mbeba sinia hushona. Nilimchorea kwa mkono wangu. Akanishukuru, akaniombea dua, akalipa, akatoka.

Hakuwa kaka yake. Alikuwa mume ambaye yule mwanamke alikuwa amemkimbia.

Siku ya nne Bi Zuhura akanipigia. Hakunisalimu. Alisema, "Mama Picha, ulimpa nani njia ya kwangu?"

Nilijua pale pale. Niliuliza tu ili nipate muda wa kupumua. "Kwa nini, Bi Zuhura?"

"Wewe nijibu. Ulimpa nani?"

Yule mwanamke anaitwa Rukia. Ni mtoto wa dada yake Bi Zuhura. Alikuwa ametoka alikoolewa, mbali, na nguo alizovaa, na wanawake wa mtaa ule wote walijua na wote walinyamaza. Miezi minane walinyamaza. Wauza mboga walinyamaza, watoto waliambiwa wanyamaze. Mimi ndiye niliyesema, na sikujua kama nimesema. Yule mwanamume alimvizia siku mbili karibu na duka la kushona. Siku ya pili Rukia alipotoka kwenda kununua uzi alimkamata mbele ya watu, mchana, akampiga kwa kitu cha chuma ambacho wengine wanasema ni spana. Mafundi walitoka na mikasi yao ndipo akakimbia. Alikuwa amemvunja taya na mkono wa kushoto.

Nilikwenda hospitali. Baba yako alitaka kunisindikiza, nikakataa, nikamwambia ni mteja anaumwa. Yeye pia amejua baadaye sana. Kitandani Bi Zuhura alikuwa amekaa upande mmoja, hakunitazama. Rukia alikuwa amefungwa taya, jicho moja limefumba. Msichana mdogo, Kadzo. Alikuwa na umri ulio nao wewe sasa. Alisema kwa meno yaliyobanwa, taratibu, na ilibidi niiname.

"Ndiye wewe mwenye kamera?"

"Ndiye."

"Nionyeshe hiyo picha."

Nilitoa simu. Nilimshikia karibu na jicho lililo zima, akatazama muda mrefu. Nilidhani atanitukana, na nilitaka anitukane. Akasema, "Mimi hapa mbona nacheka."

Na kweli, ukitazama ule ukungu kwa muda, unaona. Ni mtu anacheka. Mimi niliyempiga picha sikuwa nimeona.

"Ifute," akasema.

Nikaifuta mbele yake. Bi Zuhura ndipo aliponitazama. Akasema, "Mwanangu, wewe hukuja na ubaya. Ubaya umekuja nyuma yako, na mlango uliuacha wazi. Enda zako sasa, apumzike." Ameniita mwanangu, siku ile, na mimi nimemletea yale. Hilo nililisikia zaidi ya tusi.

Kufuta kwenyewe kulikuwa bure. Babu yako picha isiyotakiwa alichukua hasi yake, kile kipande cha filamu, akaichoma kwa kiberiti, pale uani, mwenye picha akitazama, yakaisha. Yangu ilikuwa imeshachukuliwa na watu wa kila nchi. Nilikaa miezi nikiwaandikia watu nisiowajua, naomba iondolewe. Wengine waliondoa. Wengine walinijibu kwamba picha ni nzuri mno, na kwamba uso wenyewe hauonekani, naogopa nini. Nilikuwa nikisoma majibu yao naona ni mimi mwenyewe ninayesema.

Zile picha za pasipoti za yule mwanamume zilikuwa bado kwenye kamera. Nilizipeleka polisi. Walimkamata, akafikishwa mahakamani, na kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Rukia alipoweza kutembea alihamishwa, usiniulize wapi, wala mimi sikuambiwa. Bila yeye kesi haikusimama. Yule mwanamume akatoka. Sijui yuko wapi. Ndiyo maana mteja akiingia hapa na kuniamkia kwa adabu nyingi, namuuliza jina kwanza. Umewahi kuniuliza kwa nini wanaume wageni nawahudumia mlango ukiwa wazi, hata mvua ikinyesha. Ni hiyo.

Harusi niliacha. Nilikwambia mgongo unaniuma. Lenzi nikazifunga kwenye mfuko wa nailoni nikazitia chini ya kabati, na joto letu hili na unyevu huu, ukungu ukaingia ndani ya vioo ukatambaa kama mizizi. Nilifurahi. Nilisema na zife. Halafu wewe, umemaliza kidato cha nne, huna la kufanya, ukazifukua. Nilikwambia zimeharibika. Ukajifunza kuzifungua kwa kutazama video, na visukurubu vyako umevipanga kwenye sahani nyeupe. Mbili zilikushinda. Ile moja uliisafisha kwa wiki nzima mpaka ikaona. Ulikuja jikoni ukiwa umeishika kama yai, ukasema, "Mama, babu amefumbua macho." Nikaingia bafuni nikafungua maji ili usinisikie.

Nilipaswa kukwambia siku ile. Nilisema, bado mdogo. Baadaye nikasema, anapiga picha za watoto wa kanisani tu. Baadaye ulipata kazi ndogo ndogo, nikasema, ni za dukani, ni za viatu. Kila mara nilikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa ni woga tu uliovaa nguo nzuri. Nilikuwa naogopa utaniona kama alivyoniona Bi Zuhura kitandani pale.

Mwezi uliopita ulinionyesha picha ya yule mama wa mahamri wa karibu na stendi. Mikono kwenye unga, mvuke unapanda, na nyuma yake watu watatu wamekuwa madoa ya rangi. Ukasema, "Tazama nyuma ilivyoyeyuka!"

Nikakuuliza, "Ni nani hao nyuma?"

Ukasema, "Watu tu."

Hukukosea kitu, usinielewe vibaya. Ni neno ambalo ningelisema mimi. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikikuwazia huko uendako. Kule kambini kila mtu amemkimbia mtu. Utaambiwa piga mama na mtoto wake, piga mwalimu, piga foleni ya maji, na aliye mbele utamwomba ruhusa maana umefundishwa, na shirika lina fomu yake ya kutia sahihi. Aliye nyuma hana fomu. Naye kuna mtu mahali fulani anayemjua kwa anavyobeba ndoo.

Naogopa, Kadzo. Nakuogopea, na kusema kweli nakuogopa pia. Una jicho kuliko mimi, na una kiburi changu. Ukisifiwa unang'aa. Nilipoona picha zako zilizokupatia kazi hii nilijua hazitakaa sandukuni, zitakwenda mbali, na mkono wako utakuwa umezituma kabla moyo haujauliza. Usiniambie siku hizi mambo ni tofauti, kwamba kuna taratibu. Najua zipo. Mimi nilikuwa na kapu la simu mlangoni na mama wa kulilinda.

Lakini nisikufiche hata hili. Nimerudisha lenzi leo si kwa sababu nimeshinda woga. Nimeirudisha kwa sababu ya Rukia.

Ijumaa iliyopita nilikwenda kwa Bi Zuhura. Tumesalimiana njiani mara chache kwa miaka yote hii, kwake sikuwahi kuingia tena. Nilipiga hodi, akafungua mwenyewe, amezeeka, akasema, "Mama Picha. Ingia, jua kali." Nikamwambia mwanangu anakwenda kupiga picha wakimbizi, na sijamwambia, na siwezi kumwambia habari ambayo si yangu peke yangu bila ruhusa ya mwenyewe. Akanitazama. Akachukua simu akaenda chumbani, nikasikia anazungumza kwa muda. Akarudi akanipa simu ile mkononi, wala hakusema ni nani.

"Shikamoo, Mama Picha," ikasema sauti.

Aliniamkia, Kadzo. Baada ya yote. Kabla sijaitikia akasema, "Khala Zuhura ameniambia. Mwambie mwanao. Na jina langu mtajie, nisiwe mwanamke fulani. Mahali nilipo tu, hapo usiulize."

"Siulizi," nikasema. "Mkono wako je?"

"Wa kushoto haukunyooka. Nashona kwa wa kulia, nashikilia kwa huo. Naweza." Halafu akauliza, "Mwanao anapiga kwa kamera ile?"

"Kamera ni nyingine. Lenzi ni ileile, ya baba yangu. Ya kuzungusha kwa mkono."

"Zile ziko polepole?"

"Ziko polepole. Mpaka uzungushe, upate, urudi nyuma kidogo, upate tena."

"Basi ana nafasi," akasema. "Mwambie aanze na walio nyuma. Awaone kwanza wao, awaulize, halafu ndipo aje kwa huyo wa mbele."

Nikamwambia nitakwambia. Nilitaka kumwomba msamaha, niliutayarisha miaka kumi na mmoja, nikafungua kinywa. Akanitangulia. "Usiniombe leo, mama. Nina nguo ya mtu natakiwa kuimaliza." Akakata. Bi Zuhura aliniletea juisi ya ukwaju, tukanywa, hatukuzungumza tena habari hiyo. Alinisindikiza mpaka barabarani.

Sikusamehewa, basi. Nakwambia ilivyo. Nimepewa kazi ya kukufikishia maneno, na nimeyafikisha kama alivyoyasema.

Kuna siku nitatamani urudi na kusema kazi imekushinda, ukae hapa upige picha za pasipoti na mimi, na nitakuwa mwongo nikikataa kwamba niliomba hivyo kanisani Jumapili. Usinisikilize siku hiyo. Nenda tu. Ila ukiinamia kamera, na ukaiona ile nyuma inaanza kuyeyuka na moyo unakurukia kwa uzuri wake, simama hapo kidogo. Mimi ningekuwa nimesimama hapo, Rukia angeshona kwa mikono miwili.

Sauti za watu naanza kuzisikia nje, watoto wametoka shule, na ndege inapita juu kwenda kutua Port Reitz, meza yote inatetemeka. Nitaikunja barua hii niitie kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako. Kesho treni ikishaondoka nitakutumia ujumbe uitafute. Isome ukiwa umeshapita Voi. Sitaki uisome mbele yangu, maana sijui utaniangalia kwa macho gani, na stesheni nataka kukukumbatia nikiwa bado ni mama yako wa jana.

Ukishaisoma, usinipigie haraka ili kuniambia si kitu. Wala usinipigie kunisamehe, hilo si lako. Kaa nayo safari nzima, unikasirikie ukitaka. Ukifika Lodwar, niambie tu kwamba umefika.

Mamako